Kaka, Samahani, Umemaliza Kile Kitabu?

Mashine iliwaka nyekundu.

Nikaiondoa kadi, nikaipangusa kwenye suruali, nikaiweka tena taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Nyekundu!

Kwenye kioo pakatokea maneno ambayo simtakii hata adui yangu. Hapana, hapo nimedanganya. Namtakia sana.

"PYO GAON, MWAKA WA KWANZA. UMEFUNGIWA KUAZIMA VITABU HADI MWISHO WA MUHULA."

Wadau, kitabu chenyewe kilikuwa pale pale kaunta! Chekundu, kinene, kizito kama tofali, nakala pekee katika maktaba nzima ya chuo. Nilikuwa kwenye foleni ya kukiazima tangu majani ya miti ya ginko yakiwa bado mabichi. Sasa majani yameshapukutika, matunda yake yameoza na kunuka njia nzima, na zamu yangu ndiyo imefika.

"Dada, kuna makosa hapa," nikamwambia dada wa kaunta.

"Makosa unayo wewe. Kuna vitabu vitano hujarudisha."

"Mimi?!"

"Wewe. Na aliyefungiwa anarukwa." Akaanza kuburuza kidole kwenye kioo chake. "Anayefuata... naye amefungiwa. Huyu naye... Na huyu naye... Hee! Watoto wa mwaka huu mmelogwa? Haya. Maeng Taeseop!"

"Nipo," sauti ikajibu nyuma ya sikio langu.

Nikageuka.

Alikuwa amesimama na kadi mkononi, nywele zimelala vizuri, anatabasamu kama bwana harusi aliyeitwa mbele.

"Pole sana, dogo."

Akakipokea kitabu kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Kisha akanikonyeza!

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule kuku hakuwa kuku...

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana hasira bila historia ni kelele tu.

Mimi ni mtu wa amani. Nimelelewa bwenini, na bweni lilinifundisha mambo mawili: kukunja blanketi, na kutosahau aliyekunja blanketi langu na chura ndani yake.

Babu yangu alikuwa mchonga mihuri sokoni hapa mjini Jeonju. Mkono wake nimeurithi. Pale shuleni niliuchonga muhuri wa mwalimu mkuu kwenye figili, na bweni zima likapata ruhusa ya kutoka Jumapili. Tulikamatwa kwa sababu moja tu: ruhusa zetu zilinuka figili.

Sasa, kila majira ya baridi, Profesa Ku wa idara yetu ya historia huchukua mwanafunzi mmoja kwenda naye kwenye hekalu moja huko mlimani. Wanakaa na watawa, wanapangusa na kukagua mabao ya kuchapia yaliyochongwa na watu waliokufa karne nyingi zilizopita. Herufi kwa herufi, kinyumenyume, kwenye mbao!

Jamani, mimi nilikuja chuo hiki kwa ajili ya mabao hayo. Nilitaka kuyashika. Basi.

Tangazo la profesa lilikuwa fupi: "Nitamchukua mwanafunzi yeyote wa chuo hiki atakayekielewa kitabu chekundu. Mtihani ni wa mdomo. Mkikwama, gongeni mlango wangu."

Hilo la mlango tulilisoma tukacheka. Ile ilikuwa adabu tu. Kwetu mlango wa profesa haugongwi na mtoto wa mwaka wa kwanza. Afadhali ugonge mzinga wa nyuki.

Ndipo Kaka Taeseop akatokea.

Mwaka wa nne. Jeshi ameshamaliza. Mabega kama kabati. Akanikuta mlangoni mwa maktaba akanishika bega.

"Dogo, umekula?"

"Bado, kaka."

"Twende."

Kuku wa kukaanga, mzima, na figili za siki juu! Nikala kama yatima. Yeye hali, ananiangalia tu kwa upendo.

"Kwenye foleni ya kile kitabu chekundu, wewe wa ngapi?"

"Wa kwanza, kaka!" nikajibu, mdomo umejaa.

"Safi sana." Akanisogezea paja la pili. "Sasa dogo, nisaidie jambo dogo. Kadi yangu imejaa, na ninaandika tasnifu. Niazimie vitabu vitano kwa jina lako. Nitavirudisha mwenyewe kabla ya muda kwisha."

Niambieni, ningesemaje? Aliyekutangulia chuo ni kaka, na kaka akishakulisha, huna tena mdomo wa kukataa. Mdomo wenyewe umejaa kuku wake.

Nikaazima.

Meseji za maktaba zilipoanza kuingia, nikamfuata.

"Kaka, wanasema muda umepita..."

"Nimesharudisha, dogo. Meseji zao huchelewa kama basi la kijijini."

Nikainama, nikamshukuru. Nilimshukuru!

Maktaba yetu haitozi faini, wadau. Inakufungia. Na inakufungia kwa hesabu ya kikatili: siku ulizochelewa, mara idadi ya vitabu. Vitabu vitano, siku moja ni siku tano. Siku zikisogea, unafungiwa mpaka usahau maktaba ina milango mingapi.

Siku ile ya mashine nyekundu nilikwenda bwaloni moja kwa moja. Nikamsimulia Tak Jinu, mwenzangu wa chumba, ambaye tumetoka naye shule moja.

Jinu akashusha kijiko.

"Subiri. Alikununulia kuku?"

"Ndiyo."

"Paja la pili alikusogezea?"

"Ndiyo!"

"Na mimi." Akameza mate. "Mimi kwenye foleni nilikuwa wa pili."

Jamaa wawili wa darasa letu waliokuwa meza ya jirani wakageuka. Wa tatu na wa nne.

"Sisi alitulisha tambi za maharage meusi," mmoja akasema kwa unyonge.

"Kwa hiyo sisi hatukustahili kuku?" mwenzake akauliza.

Mnaona ule ubaya? Maeng Taeseop alikuwa wa tano. Akawalisha wanne waliomtangulia, mmoja mmoja, akawafungia wote kwa kutumia majina yao wenyewe!

Tukamfuata hadi ngazi za maktaba. Tukainama kwanza. Hata ukienda kugombana na kaka, unainama kwanza.

"Kaka, rudisha vitabu vyetu," nikasema.

"Vitabu? Nitavirudisha leo hii, dogo. Adhabu ndiyo hairudi."

"Na kitabu chekundu?"

"Nitakiongezea muda hadi siku ya mtihani. Halafu mtakikuta rafuni. Sheria ni sheria." Akanipigapiga shavu. "Mkikua mtaelewa."

Akaondoka anapiga mluzi.

Jinu akaniangalia. Ananijua tangu enzi za figili.

"Gaon... hiyo sura naijua. Usifanye."

"Sifanyi kitu," nikasema. "Naenda kusoma sheria. Si kasema sheria ni sheria?"

Nikazisoma Kanuni za Uazimaji za maktaba yetu kama mtawa anavyosoma sala za alfajiri. Nani aazime nini, kwa muda gani, nani aongezewe, nani asiongezewe. Hakuna kiumbe aliyewahi kuzisoma zile kanuni hadi mwisho. Nadhani hata aliyeziandika alisinzia njiani.

Na huko mwisho, kwenye vumbi, nikaikuta dhahabu.

"Kitabu kikiwa na watu zaidi ya kumi kwenye foleni, kitaondolewa kwenye kuazimwa na kuwekwa chumba cha kusomea, saa mbili kwa kila msomaji. Aliyenacho atakirudisha ndani ya juma moja, na akikaidi ataripotiwa kwa mkuu wa idara."

Zaidi ya kumi tu!

Sisi wanne tulikuwa tumefungiwa, hatuwezi kuingia foleni yoyote. Lakini chuo kina watu wangapi ambao hawajawahi kula kuku wa Taeseop?

Nikanunua mfuko mkubwa wa vile vitumbua vya umbo la samaki, vya moto, vyenye maharage matamu tumboni. Nikaanza kampeni.

Timu ya kuogelea ilinielewa mara moja.

"Kwa hiyo tunajiandikisha foleni ya kitabu ambacho hatukisomi?" nahodha wao akauliza.

"Ndiyo."

"Ili jamaa akome?"

"Ndiyo."

"Leta vitumbua."

Wanafunzi wa uuguzi wakajiandikisha. Kwaya ikajiandikisha, sauti ya kwanza na sauti ya pili. Mbele ya jengo la udaktari wa mifugo nikamkuta dada mmoja, Bin Seolah, amevaa buti za zizini, ananuka ng'ombe waziwazi bila kuomba radhi.

"Hicho kitabu kinahusu nini?" akauliza.

"Mbao. Wewe jiandikishe tu."

"Mbao za nini?"

"Za kuchapia. Za zamani. Dada, kitumbua kinapoa."

"Zinaliwa na wadudu gani?"

"Dada!"

Akajiandikisha, huku bado anauliza maswali.

Hadi jioni, kitabu kilichokuwa hakijulikani na mtu nje ya idara yetu kilikuwa na foleni ndefu kuliko ya simu mpya. Dada wa kaunta alipiga mpaka picha.

Asubuhi Taeseop akapata ujumbe: rudisha ndani ya juma moja. Kuongeza muda hakuna.

"Juma zima!" Jinu akalalamika. "Atakimaliza na atapumzika."

"Hatakimaliza," nikasema. "Ili umalize kitabu unahitaji utulivu."

Wadau, sasa naomba msimame kidogo kwa heshima, kwa sababu inayofuata ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote za mikono yangu, ukiacha ule muhuri.

Sikutukana mtu. Sikumgusa mtu. Niliwapa wanafoleni wote agizo moja tu: ukimwona Kaka Taeseop, mwendee, inama vizuri, uulize kwa adabu.

Wa kwanza alikuwa nahodha wa kuogelea, pale maktaba.

"Kaka, samahani kwa kukusumbua. Umemaliza kile kitabu?"

"Bado."

"Asante sana, kaka." Akainama, akaondoka.

Dakika chache baadaye, muuguzi.

"Kaka, samahani. Najua una kazi nyingi. Umemaliza kile kitabu?"

"Nimesema bado!"

"Pole na kazi, kaka."

Bwaloni, mchuzi unaelekea mdomoni: "Kaka, karibu chakula. Umemaliza kile kitabu?"

Kwa kinyozi, shuka shingoni, nusu kichwa kimenyolewa: "Kaka, umependeza. Umemaliza kile kitabu?"

Chooni, chini ya mlango, pakatokea viatu viwili vimeungana kwa adabu.

"Kaka, samahani, siyo mahali pake..."

"TOKA!"

Kwaya walimuuliza kwa pamoja.

Na angefanya nini? Mtu anayekufokea unamfokea. Mtu anayekuinamia na kukuita kaka, mbele za watu, ukimfokea aibu ni yako. Alinimaliza kwa ukarimu, nikammaliza kwa heshima!

Siku ya nne alikuwa anasoma amejificha nyuma ya gari la takataka. Siku ya tano akaingia maktaba kwa kishindo, akakibwaga kile kitabu juu ya kaunta.

"Chukueni! Chukueni kitabu chenu!"

Ukumbi mzima ukainama.

"Asante sana, kaka!"

Nusura nilie kwa furaha.

Kitabu kikawekwa chumba cha kusomea. Mtu yeyote wa chuo angeweza kukaa nacho saa mbili, hata aliyefungiwa. Hata mimi.

"Basi, umeshinda," Jinu akasema usiku ule akikunja soksi. "Kesho twende tukasome. Mtihani umekaribia."

"Nendeni. Mimi kesho kwaya inamsubiri kituo cha basi, lazima niwapange."

"Lakini kitabu si ameshakirudisha?"

"Ndiyo utamu wenyewe! Anadhani yameisha."

"Gaon. Kasome."

"Keshokutwa."

Keshokutwa ikawa ya kinyozi mwingine. Baada yake ikawa ya rafiki wa kike wa Taeseop, ambaye alimuuliza bila hata kulipwa kitumbua, alikuwa ameona watu wanafurahi tu. Sikuwa na nafasi, wadau. Kisasi ni kazi ya kutwa.

Siku ya mtihani ikafika.

Tulipanga mstari kwenye korido ya Profesa Ku, mgongo ukutani, kimya kama jeneza. Wa kwanza kuingia alikuwa Taeseop. Macho mekundu, shavu linacheza lenyewe.

Nikainama. Sikusema neno. Niliinama tu.

Akarudi nyuma hatua mbili!

Mlango ukafungwa, lakini milango ya jengo lile ni myembamba kama karatasi.

Tukasikia chai inamiminwa. Tukasikia sauti ya Profesa Ku, bibi mpole wa miaka sitini na kitu, asiyejua lolote kuhusu kuku, kwaya, wala vinyozi.

"Karibu, Maeng. Samahani kwa kukuweka. Haya... umemaliza kile kitabu?"

Kikombe kikagonga sahani.

Halafu...

"HATA WEWE?! HATA WEWE WAMEKUTUMA?! KITABU! KITABU! NIMECHOKA NA KITABU CHENU! NIACHENI NIISHI!"

Korido nzima tuliziba midomo. Jinu aliuma mkoba wake.

Ndani, chai ikamiminwa tena. Kisha sauti ile ile ya upole:

"Kunywa chai, kijana. Halafu nenda kapumzike."

Akatoka uso mwekundu kuliko kitabu chenyewe. Akanipita bila kunitazama. Nikainama mpaka paji likakaribia goti.

Nilishinda! Mungu wa mabweni yote alikuwa nami siku ile!

"Pyo Gaon!"

Nikaingia kifua mbele, kama jenerali anayekwenda kuvishwa nishani. Nikakaa. Chai ikamiminwa.

"Na wewe, Pyo? Umemaliza kile kitabu?"

Nikafungua mdomo.

Wadau...



Nilijua kitabu kile kina uzito gani. Nilijua foleni yake, muda wake, kanuni zake zote hadi ya mwisho. Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja!

"Profesa, kilikuwa kigumu kupatikana..." nikaanza. "Nakala ilikuwa moja, na..."

"Moja?" Akashangaa kweli. Akainuka, akafungua kabati nyuma yake.

Vitabu vyekundu. Rafu nzima. Vipyavipya.

"Nilichapisha vya kuwapa wanafunzi," akasema. "Ndiyo maana niliwaandikia mgonge mlango. Miaka yote naandika. Hakuna anayegonga."

Nikaviangalia vile vitabu. Navyo vikaniangalia.

"Ila mwaka huu alikuja mmoja," akaendelea, uso umemng'aa. "Alisoma saa zake mbili kule maktaba, zikamwishia katikati ya sura ya wadudu wanaokula mbao. Akaja hapa moja kwa moja, akagonga hadi kikombe changu kikaruka. Nikamuuliza, huogopi? Akaniambia yeye hugonga hata zizi la fahali. Nikampa nakala."

"Kwa... kwa muda gani, Profesa?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo. Nadhani kanuni zilikuwa zimeniingia kwenye damu.

"Muda? Nilimwambia arudishe akimaliza."

Mlango ukagongwa. Kikombe kikaruka.

Bin Seolah akaingia, buti zile zile, kitabu chekundu kwapani kimejaa vijikaratasi.

"Profesa, nimemaliza. Nimerudia mara mbili. Hee, Gaon! Asante kwa kitumbua!"

Yuko mlimani sasa ninapoandika haya. Jana alinitumia picha: kidole chake juu ya herufi iliyochongwa kinyumenyume. Ameandika, "Mkono wa huyu mchongaji ulikuwa unatetemeka, angalia." Nikaangalia. Kweli ulikuwa unatetemeka. Nikazima simu, nikakaa.

Funzo ninalo, lichukueni bure. Kisasi ni kama kitabu cha kuazima. Ukikikalia muda mrefu, unafungiwa kuazima vingine vyote.

Jinu anasema nimekomaa. Kesho, saa tatu asubuhi, naenda kugonga mlango wa Profesa Ku. Naogopa, lakini nagonga.

Ila nasikia Kaka Taeseop naye ni mdau wa ukurasa huu, na huwa anasoma hadi mwisho. Kama upo hapa, kaka, pokea heshima zangu, nimeinama hadi chini. Nilikuwa na swali dogo tu.

Samahani, kaka... umemaliza kile kitabu?